Jioni ya Kuazima

Ndizeye, mpiga picha wa Kamembe, upande wa Rwanda, ana ugomvi wa siku nyingi na mpaka. Harusi nyingi anazopiga zina mguu mmoja huku na mwingine Bukavu, na wageni wa ng'ambo hula huku wakitazama saa, kwa sababu Rusizi ya Kwanza, kituo cha kuvukia, inafungwa na asiyevuka atalala ugenini. Basi jua linapoanza kulegea na kumwaga asali juu ya ziwa, saa ambayo kila mpiga picha huiombea, Ndizeye hubaki na viti vitupu na bibi harusi aliyekwisha kuvua viatu. Huulaani mpaka kila Jumamosi, lakini dua la kuku halimpati mwewe.

Kazi aliisomea Bukavu, alikozaliwa, kwa Mzee Birindwa, ambaye hakuwa na subira na mtu anayedhani jua ni moja. La asubuhi, Mzee alikuwa akisema, lina maziwa; la mchana lina kisu; la jioni lina asali; na fundi ni yule anayejua amekaribishwa na lipi. Wazazi wa Ndizeye walipoamua kurudi Rwanda, alivuka nao akiwa na kamera moja na Kiswahili chake cha Bukavu. Kamera amekwisha kuibadili, Kiswahili bado. Kwake, kama kwa watu wengi wa pande hizi, picha inatoshwa, yaani inatolewa, iwe ni kupigwa au kuchapwa. Na hilo, kutosha, ndilo neno ambalo watangazaji wa redio hulitumia kwa kitu kisichopungua. Na ukimwomba akusafishe kwenye picha, usidhani unaomba kufutwa vumbi. Unaomba uso wako uongezwe weupe kwenye kompyuta mpaka majirani waulize siku hizi unakula nini.

Kusafisha kulimlisha miaka mingi. Huko Nkungu kuna wakulima waliochomwa na jua la shamba tangu utotoni, na ukutani kwao wanang'aa kama waliopakwa unga wa muhogo. Yeye hakuona ubaya, mradi mteja aondoke akicheka. Kisha mama yake, Mukarugwiza, akafariki, na picha pekee ya kuweka juu ya jeneza ilikuwa ile aliyoisafisha yeye mwenyewe, tena kwa mapenzi. Shangazi yake akaja, akaitazama, akamuuliza kwa upole huyu mama mweupe ni nani. Ndizeye alitafuta ile ya kwanza, isiyoguswa, asiione; alikuwa ameifuta zamani kwa kuona haina kazi. Rangi ya mama yake sasa anayo kichwani tu, na kichwa hakitoshi picha. Tangu siku hiyo hasafishi mtu, na wateja wengine wamemhama.

Jumamosi moja alikuwa Gitambi, kwenye harusi ya Jean-Paul, seremala wa hapo, na Elikia, binti wa Bukavu. Misa ilikuwa imekwisha, jua bado ni kali, na wageni wa ng'ambo wameanza kuulizana habari za magari ya kurudi. Elikia akamvuta pembeni. Tangu posa ipokewe alikuwa akijipaka mafuta ya kuchubua, ili aingie ukweni akiwa mweupe. Uso ulikubali, shingo ikasita, mikono ikagoma kabisa. Jua la mchana, lile lenye kisu, lilionyesha kila mahali rangi moja ilipokoma na nyingine ilipoanza.

“Papa Ndizeye, unisafishe,” alisema. “Bananicheka. Banasema uso Fanta, mikono Coca.”

Ndizeye alimuuliza mama yake yuko wapi, maana picha ya kwanza ni ya bibi harusi na mzazi wake. Elikia akatazama chini.

“Maman asisimame pembeni yangu. Batatulinganisha. Bataona vile nilikuwa.”

Bernadette, mama mwenyewe, muuza vitenge anayevuka Rusizi ya Kwanza kila siku ya soko, mweusi wa kung'aa kama mbegu ya papai, hakungoja kufukuzwa. Alikuwa amekaa nyuma ya kanisa na mikoba ya ukoo mzima magotini, akimwambia kila aliyemwita kwamba yeye analinda mizigo. Inauma kumwona mama amegeuka mlinzi wa mikoba siku ya harusi ya binti aliyembeba mgongoni. Wapo ambao hapo wangemtupia Elikia ile methali ya mkataa kwao mtumwa. Ndizeye hakumtupia. Mtu aliyemfanya mama yake awe mgeni juu ya jeneza lake mwenyewe hana methali ya kumpa mwenzake.

Alichokuwa nacho ni macho. Vijana wa bwana harusi walitaka picha zipigwe kwenye migomba, penye ubaridi. Akakataa, kwa kuwa majani yakipigwa na jua hutupa ukijani usoni, na bibi harusi wa rangi mbili angepata ya tatu. Kungoja jioni, mpaka haukuruhusu. Akazunguka uwanja wa kanisa mara mbili kama aliyeangusha ufunguo, watu wakaanza kunong'ona kwamba fundi amechanganyikiwa. Ndipo akauona ukuta wa nyumba ya padri inayojengwa: matofali ya kuchoma, hayajapigwa lipu, yanaoga jua, na mbele yake udongo mwekundu uliofagiliwa. Mkabala nao palikuwa na baraza lenye kivuli.

Akamsimamisha Elikia barazani, uso ukielekea ukuta. Jua likapiga matofali, nayo matofali yakamrudishia binti mwanga uliokwisha kupoteza kisu njiani. Uso ukatulia, shingo ikaufuata, mikono ikapata joto. Saa nane za mchana, Gitambi, ikawa jioni ya kuazima.

Alipiga moja, akamgeuzia kamera. Elikia alipitisha kidole juu ya kioo, kutoka shavuni hadi mikononi, akitafuta mahali rangi inapokatika.

“Umesafisha?”

“Hapana. Njo weye, weye mwenyewe.”

Akatazama tena, sasa bila kidole. Tofauti ilikuwapo bado kwa mwenye nia ya kuitafuta; mwanga mzuri hausemi uongo, unasema kwa upole tu. Lakini aliyesimama pale ndani alikuwa mtu mmoja, mwenye rangi ya udongo uliolowa, na Elikia alimjua. Alikuwa akimwona kila asubuhi ya utoto wake, akijifunga kitenge ili awahi mpakani.

“Huyu ni Maman,” alisema, na machozi yakaja yenyewe.

Akaenda kumwita mwenyewe, gauni jeupe likifagia vumbi. Bernadette alikuja na mikoba yote, akinung'unika kwamba wanapoteza muda na mpaka utafungwa. Elikia akamvua mikoba mmoja baada ya mwingine, akaiweka chini, akamvuta mpaka mashavu yakagusana. Mama alijaribu kusogea kidogo, kwa mazoea ya ile siku, binti akamshikilia. Barabarani madereva walikuwa wakipiga honi, na Ndizeye, ambaye kwa miaka ameutii mpaka kuliko mke wake, akawaacha wapige.

Wakati wa kuagana alimwambia Elikia kwamba yeye hasafishi, lakini Kamembe kuna studio nyingine, na binti angeweza kuwapelekea picha zake kama akitaka. Hakusema kwa hasira. Alitaka kila mtu apate haki yake. Elikia alitikisa kichwa, mkono bado uko kiunoni kwa mama yake.

“Usinisafishe, Papa,” alisema. “Unitoshe tu.”