Kifaa cha Tangi Nyumbani kwa Shangazi

Shangazi yangu wa Mambrui ndiye hutujaribia vifaa vyetu. Mimi na mwenzangu, binti wa nyumba yenye duka la vitambaa chini ya ofisi yetu mjini Malindi, tunatengeneza visanduku vya kupima maji tangini. Ndani ya kila kisanduku mna kompyuta ndogo yenye mfumo endeshi wa Linux tunaoujenga wenyewe, pamoja na chipu ya redio inayotuma vipimo. Chipu nayo ina programu yake, na walioiunda hutoa toleo jipya kila wanapopenda.

Kabla ya kumpelekea mkulima wa Jilore kisanduku, tunakifunga kwanza kwa shangazi, kwenye tangi analotumia yeye na majirani.

Asubuhi moja tulijenga mfumo mpya tukautuma kwa mtandao. Kisanduku cha shangazi kikaupokea, kikazima, kikawaka, kisha kimya. Mimi nilikuwa Kilifi, nina kazi ya siku kadhaa. Shangazi akanipigia simu.

"Kisanduku chenu kimenuna," akasema. "Taa haiwaki."

"Kiache tu, shangazi. Nitakuja nikirudi."

"Na kipimo cha maji mtakipata wapi?"

Nikamwambia asijisumbue. Kesho yake akampigia mwenzangu ofisini. Alikuwa ametafuta ufito, akautumbukiza tangini, akapima sehemu iliyorowa kwa futi yake ya kushonea.

"Andika, mwanangu," akamwambia, akamsomea.

Akawa anapiga kila asubuhi, na tena baada ya sala ya alasiri. Mwenzangu aliviingiza vipimo hivyo kwa mkono, mchoro kwenye skrini usikatike. Habari ya maji ilikuwa inakwisha upesi. Baadaye walihamia kwenye kanga mpya zilizoingia dukani na namna ya kupika mbaazi zisipasuke.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Mambrui.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza."

Nikala mahamri, kisha nikaunganisha kompyuta yangu na kisanduku kwa waya, nikasoma ujumbe wa jinsi kilivyowaka. Mambo yakawa wazi. Mfumo wetu ulikuwa ukiitafuta programu ya redio ya toleo unalolijua, ukakuta jipya tu, ukashindwa kuiwasha redio na taa yake. Nikampigia mwenzangu, naye akafungua faili ya maelekezo ya ujenzi.

"Tumeandika ichukue toleo lolote la karibuni," akasema. "Walipotoa jipya, likaingia lenyewe."

"Lifunge kwenye namba ya lile la zamani."

"Nalifunga. Na alama ya kulihakiki pia naiweka, lisije likabadilishwa tusijue."

Kujenga upya kulichukua muda. Shangazi akanitandikia mkeka ukumbini, nikalala usingizi mzito ambao sikuwa nimeulala kwa miezi. Nilipoamka faili ya mfumo mpya ilikuwa imefika kwenye kompyuta yangu. Nikaiandika kwenye kadi ya kumbukumbu, nikaichomeka kisandukuni, na taa ya kijani ikawaka. Mwenzangu akapiga kusema kipimo kimeingia.

Niliweka simu kwenye spika, shangazi naye asikie. Nilidhani atafurahi. Akaitazama ile taa, akakunja futi yake polepole.

"Basi hamtanihitaji tena," akasema.

Mwenzangu ndiye aliyejibu kutoka Malindi. "Shangazi, nitajuaje kama kisanduku kinasema kweli? Nahitaji kipimo cha ufito nikilinganishe."

"Kila siku?"

"Ukiweza."

Ingetosha kulinganisha mara moja kwa mwezi, lakini nikaanza kukunja waya wangu. Shangazi akasema ataangalia nafasi yake.

Siku hizi kila programu tunayoitia kwenye mfumo ina namba yake maalumu, na haibadilishwi mpaka sisi wawili tukubaliane. Toleo jipya hukaa kwanza kwenye meza yetu, halafu ndipo huenda Mambrui. Jana nilifika ofisini nikamkuta mwenzangu kwenye simu, anacheka, kalamu mkononi, hajaandika hata tarakimu moja.