Vijiko Vitatu vya Kinga ya Mwili

Acheni nianze na aibu yenyewe ili mcheke mmalize: mimi ndiye yule mkwe aliyemfungulia mama mkwe mlango wa choo kule Sirisia. Ndiyo, mimi. Hata sasa nikisimulia masikio yanawaka moto.

Mnajua kupe waliniuma nikapata ugonjwa unaoitwa Lyme, dawa nikamaliza, lakini uchovu ukakataa kuhama, nalala masaa kumi na bado nasinzia nikipiga mswaki. Daktari wangu hapa Kitale aliniambia nipumzike, nile vizuri, na nisimeze kitu chochote kabla yeye hajakiona. Mimi nikaagiza mtandaoni mkebe wa poda ya vitamini C na magnesiamu, ati ya kuamsha kinga ya mwili, kijiko kimoja kwa siku. Sasa asubuhi ya kwenda kwa kina Nekesa, mchumba wangu, kuzungumza mahari, hofu ikanishika: nikisinzia mbele ya wazee, nani atampa mgonjwa binti yake? Nikakoroga vijiko vitatu. (Kama kimoja kinaamsha, nilijiambia, vitatu vitanirusha. Hesabu ya mjinga.)

Tulifika mimi na kaka yangu Barasa, na shangazi yake Nekesa akanionyesha kiti chenye mto mnene. Nikakataa, nikaenda kukaa kwenye benchi, mgongo wima, ili waone mwanamume mzima. Hata soda hazijafunguliwa tumbo likaanza kunguruma, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili hata wazee wakanyamaza. Jasho likanitoka. Na kwetu Wabukusu mkwe haingii choo cha wakwe zake, tena yeye na mama mkwe hawatakiwi hata kukutana (ndiyo maana mama alikuwa hajaonekana tangu tufike).

"Bana, nakufa," nikamnong'onezea Barasa.

"Hapa usiingie. Enda kwa jirani, pale nyuma ya migomba."

Nilitembea, halafu nikatembea haraka, halafu heshima ikaisha nikakimbia, nikavuta mlango wa mabati wa choo cha jirani kwa nguvu zangu zote hadi komeo likang'oka, na ndani, uso kwa uso, mama mkwe, akifunga leso yake. Maskini, alikuwa amekuja kwa jirani ili anikwepe! Akapiga nduru, akajifunika uso, akanipita. Na mimi, Mungu anisamehe, sikurudi nyuma. Niliingia.

Nilipotoka nikaketi kwenye nyasi mbele ya ukoo mzima uliokuja kuona nani kamvamia mama. Nilijua Nekesa nimeshampoteza.

"Si useme, umekunywa nini?" shangazi akauliza.

Nikasema yote, kupe, uchovu, vijiko vitatu. Halafu sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya migomba, haniongeleshi mimi, anamwambia shangazi: "Mwambie huyo mtoto, Nekesa alishatuambia ugonjwa wake kitambo. Kile kiti cha mto alidhani kiliwekewa nani?"

Nekesa nilimpata, na mbuzi wa kuondoa aibu nikamtoa. Mkebe nikampelekea daktari, akasoma lebo, akaniambia magnesiamu nyingi huharisha, akautia kwenye droo yake. Mashemeji zangu huniita Vijiko Vitatu, nami naitika. Ila nimeapa: poda ya mtandaoni kamwe, na nikikaribishwa kiti chenye mto, sisubiri kuambiwa mara ya pili.