Siku Nilipomwimbisha Mama Rajabu

Mwanangu, ipo siku moja ya wakati wa vita ambayo nikiikumbuka mpaka leo uso unaniwaka, na mie hapa bibi mwenye vitukuu. Si wengi niliowasimulia. Wewe nakusimulia kwa sababu nimesikia umeingia kwenye kikundi cha uimbaji, na sauti unayo, na watu wameshaanza kukuambia kwamba unayo. Mie niliharibikia hapohapo.

Nilikuwa na miaka kama ishirini na mitatu, nimeolewa Mtoni, na ndiye niliyekuwa mtunzi wa nyimbo wa kundi letu la lelemama, ile ngoma ya wanawake. Usidhani lelemama ilikuwa ya kujichezea tu. Tulikuwa na sare, tulikuwa na wakubwa wetu, na tulikuwa na mahasimu wetu wa Keko. Tulikutana nao uwanjani baada ya alasiri, tukacheza kwa zamu, mpaka watu waseme wenyewe nani leo kazidiwa. Kundi lililozidiwa lilisimangwa mwaka mzima, kisimani, dukani, hata kwenye harusi ya ndugu zao. Mwaka wa nyuma tulizidiwa sisi. Nilichekwa mpaka nikawa nakwenda kuchota maji kisima cha mbali.

Habari za dunia tulizipata kwa Mzee Nassor, Mwarabu mwenye duka la kona. Kila Alhamisi aliletewa gazeti kutoka mjini, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma kwa sauti. Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake tulijitia tunachagua vitunguu. Hapo ndipo tuliposikia habari za Mjerumani na Mjapani, na za nchi ya Bama, huko mbali mashariki, walikopelekwa vijana wetu kupigana. Mie nilikuwa nasikiliza kwa choyo cha mtunzi. Kila neno lililonipendeza nililibeba nyumbani nikalitia kwenye wimbo. Wengi mtaani hawakujua kusoma, na sijisifu bure nikisema kwamba vita ile waliijua zaidi kwa nyimbo zetu kuliko kwa gazeti la Mzee Nassor.

Sasa, nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa dada mmoja, Tatu jina lake, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini. Ndiye aliyenipokea nilipokuja Mtoni mwari, nisiyejua hata kisima kiko wapi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Rajabu, na Rajabu alikuwa askari huko Bama. Da Tatu alikuwa na sauti ambayo mie sikupewa. Nilipotunga wimbo wa Bama nikampa yeye auongoze, na ulikuwa na maneno haya:

Bama mvua hainyamai, Bama tope magotini,
Mwanangu bado yu hai, atarejea Mtoni.

Angeimba mwingine ungekuwa wimbo kama nyimbo nyingine. Akiimba yeye, watu walijifuta macho na kanga, maana walimjua Rajabu tangu anakimbia uchi mtaani. Nilijua vizuri kabisa nilichokuwa nafanya. Nilijua wa Keko hawana kitu cha kushindana na mama wa askari.

Tulijiandaa miezi mitatu. Kanga wakati wa vita zilikuwa kwa mgawo, na kupata sare ya wanawake ishirini na wawili ilikuwa kazi ya kubembeleza kila mwenye duka kutoka Mtoni mpaka mjini. Ikafika siku yenyewe, Jumamosi. Adhuhuri nilikwenda dukani kununua udi. Mzee Nassor alikuwa msikitini, duka kaliacha wazi kama desturi yake. Akaja kijana mmoja na baiskeli, amevaa kaptula nyeupe, karani wa bomani, mtu wa bara kwa lafudhi yake.

“Dada, natafuta nyumba ya mama wa askari Rajabu.”

“Una nini naye?”

Akavua kofia. Alipovua tu kofia nikajua. Akaniambia Rajabu amefariki Bama, na karatasi ya habari ile anayo, lakini mkubwa wake amemwonya asimkabidhi mzazi mwenyewe, amtafute kwanza mtu wake wa karibu. Na kweli ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mama haambiwi na mgeni kwamba mwanawe amekufa. Anaambiwa na mtu wake, ndani ya nyumba, ameshakalishwa, na wanawake wenzake wamemzunguka wa kumshika.

“Mie ndiye mtu wake,” nikamwambia. “Nipe. Nitamfikishia.”

Yule kijana alishukuru mpaka nikaona haya. Akanipa karatasi imekunjwa mara nne, nikaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Mwanangu, nilitoka pale na nia ya kwenda kumwambia. Naapa. Lakini kutoka dukani mpaka mlangoni kwake ni hatua chache, na katika hatua zile nilijipa sababu nyingi kuliko wakili. Nilijiambia, huyu atalia maisha yake yote, saa mbili za furaha zitampunguzia nini? Nikajiambia, Rajabu ameshakufa, kuambiwa sasa au baada ya magharibi hakumrudishi. Nikajiambia, kundi zima limehangaika. Sababu zote zilikuwa na sura ya huruma, na chini yake palikuwa na kitu kimoja tu, kwamba bila Da Tatu wimbo wangu haukuwa na nguvu, na wa Keko wangenicheka tena.

Nilimkuta amekwisha jipamba, wanja machoni, sare mwilini.

“We Zena, umechelewaje? Hebu njoo unifunge kikuba.”

Nikakishika kile kikuba cha asmini, nikamfunga.

“Mbona mikono yako baridi hivyo, mdogo wangu?”

“Maji, dada. Nimetoka kunawa.”

Akacheka. Akaniambia usiku amemwota Rajabu anakula muhogo jikoni, na kwamba leo ataimba mpaka wasikie Bama. Karatasi ilikuwa pindoni mwangu, karibu na mkono wake.

Uwanjani walijaa watu hata miti ilipandwa. Keko walianza, wakacheza vizuri, nisiwanyime haki yao. Kisha tukaingia sisi. Da Tatu alipotoa sauti, uwanja ulinyamaza. Alifika kwenye “Mwanangu bado yu hai” akaurudia mstari mara tatu, kwa hiari yake, mikono ameinua. Watu wakapiga vigelegele. Wengine wakamrushia marashi. Na mie, nisikufiche, mwanangu, katikati ya aibu yangu nilifurahi. Nilitazama upande wa Keko nikaona wamezidiwa, na moyo wangu ukaruka.

Yule karani alikuwa bado hajarudi mjini. Alipita kwa ndugu yake kula, akasikia ngoma, akaja kutazama kama watu wengine. Akamuuliza mwanamke aliyekuwa karibu naye, yule mwimbaji ni nani. Akaambiwa, huyo ndiye mama Rajabu, mwanawe yuko vitani. Na mwanamke aliyeulizwa alikuwa Bi Mwanahawa, mkubwa wa kundi la Keko. Karani akamweleza msiba aliouleta, na kwamba karatasi alimkabidhi mwanamke mmoja dukani.

Mie niliona tu Bi Mwanahawa anaingia uwanjani katikati ya zamu yetu, jambo ambalo halikuwa likifanywa. Watu wakaanza kumzomea. Hakuwajali. Aliinua mkono kwa wapiga ngoma, wetu na wake, ngoma zikakatika. Akavua kikuba chake, akajifunika kanga kichwani, akamwendea Da Tatu akamshika kiunoni kwa upole.

“Dada, twende nyumbani. Una wageni.”

“Wageni gani saa hizi? Nimo kwenye zamu yangu!”

“Twende, dada yangu. Nitakuimbia mie zamu yako siku nyingine.”

Da Tatu alimtazama usoni, kisha akatazama wale wanawake wa Keko, wote wamejifunika. Akaelewa. Hakulia pale. Aliweka mikono yake chini, ile aliyokuwa ameiinua, akakubali kuongozwa. Kundi zima la Keko likamfuata nyuma kimya kimya, watu waliokuja kutushinda.

Bi Mwanahawa alimwachia mwenzake Da Tatu, akarudi kwangu. Hakupaza sauti.

“Ulikuwa na habari?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Sie tumekuja kukuzidini kwa ngoma,” akasema. “Hatukuja kumchezesha mfiwa. Hiyo umetushinda, mwanangu. Chukua ushindi wako.”

Matanga yalikaliwa, hitima ikasomwa pasipo maiti. Wa Keko walikuja kila siku, wakapika, wakachota maji. Karatasi nilimpa Bi Mwanahawa, akamkabidhi Da Tatu na kumweleza ilikotoka, maana mie sikuthubutu kuingia ndani. Nilikaa uani nasugua masufuria, na nilipoyamaliza niliyasugua tena.

Na si kwamba mambo yaliishia hapo. Pakatoka maneno mtaani kwamba mama Rajabu alikuwa anajua, kwamba alipenda ngoma kuliko mwanawe, kwamba alicheza na barua ya msiba imo nyumbani. Niliyasikia kwa masikio yangu, kisimani, nikateka maji nikaenda zangu. Miezi miwili nilinyamaza hivyo. Kosa la uwanjani lilikuwa la saa mbili, mwanangu. Hili la kunyamaza nililifanya kila siku nikiamka.

Siku moja Da Tatu aliniita dirishani kwake. Alikuwa amekonda. Akaniambia:

“Zena, kifo simlaumu mtu, kifo ni cha Mungu. Ila nimesimama mbele ya watu nikasema mwanangu yu hai, mara tatu, nawe umesimama nyuma yangu unaitikia. Hilo silijui pa kuliweka.”

Kisha akafunga dirisha.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda dukani. Mzee Nassor alipomaliza kusoma habari za vita, nikamwomba ruhusa, nikasimama pale barazani mbele ya wanaume, mume wangu akiwamo, nikasema: ile karatasi nilipewa mie, adhuhuri, nikaificha, kwa ajili ya wimbo wangu. Da Tatu hakujua lolote. Anayetaka mtu wa kumsema anijie mie. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mzee Nassor alivua miwani yake, akakunja gazeti. Maneno kuhusu Da Tatu yalikoma siku ile. Yakageukia kwangu, na palikuwa pahali pake.

Alisikia kwamba nimesema. Aliniletea bakuli la uji nilipojifungua, akambeba mtoto wangu, akamwombea dua. Alinisamehe, nadhani. Lakini kuimba hakuimba tena, si arusini wala maulidini, wala kumbembeleza mtoto wangu, na aliishi miaka mingine thelathini na tatu. Sauti ile niliizima mie.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Habari ya mtu ni yake kwanza, kabla haijawa ya mtunzi, ya gazeti, au ya uwanja. Ukiishika, mfikishie siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, hata kama nje wanakungoja na ngoma zimeshawambwa. Ukijiona unatafuta sababu za huruma za kumnyamazia mwenzio, jiulize wewe unapata nini katika kunyamaza kwako. Na ukikosa, kama utakavyokosa, usiache aibu yako ivaliwe na mtu mwingine hata siku moja. Mie niliiacha miezi miwili.

Haya, nenda kaimbe. Mungu akuhifadhie hiyo sauti, akupe wa kukusikiliza na wa kukukanya, na akujaalie kila unapomtazama mtu usoni uwe huna ulichomficha. Amina.