Damu ya Farasi wa Uthiru

Leo mtu amekuja kazini kuniomba damu ya farasi.

Mkewe ameumwa na nyoka, moma, huko Kinoo, na hospitali imeishiwa dawa. Amesikia kwamba hapa Uthiru tunamdunga farasi sumu ya moma kidogo kidogo, mpaka damu yake izoee kuishinda.

Ni kweli. Farasi mwenyewe alikuwa nyuma yangu, anakula majani.

"Basi mchanjeni huyo farasi kidogo tu, ndugu yangu. Chupa ya chai ninayo, nimeiosha vizuri."

Nikamweleza kwamba damu mbichi inaweza kumuua mkewe. Lazima kwanza isafishwe na kupimwa, ndipo iwe dawa.

"Itakuwa tayari lini?"

"Mwezi ujao."

Akanipa mkono, akanishukuru kwa adabu, kama mtu aliyepata alichofuata.

Jamani, ninyi mngemwambia nini?