Nilichagua simu skrini ikiwa nyeusi, nikakuta meseji niliyofichwa

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi nipo Gisenyi, Rwanda, sioni tangu nikiwa na miaka tisa. Haya yamenitokea mwenyewe na sitaongeza chumvi, hata pale ninapojiaibisha.

Miaka yote meseji zangu alikuwa ananisomea dada yangu mkubwa, Vestine, au yaya kama tunavyoita dada mkubwa. Huku kwetu hakuna anayeona ajabu. Lakini mtu mzima wa miaka thelathini na nne, kila anachoandikiwa kinapita kwanza mdomoni mwa dada yake! Nilichoka. Nilitaka kusoma mambo yangu mwenyewe, basi.

Kosa langu: nikaenda kununua smartphone na Vestine. Akachagua kwa macho yake.

"Hii iko muzuri, ndugu yangu. Kamera yake iko nguvu!"

Kamera, wakuu. Mimi!

Simu yenyewe imefungwafungwa na watengenezaji wake. Ilikataa kuweka sauti ya Kiswahili, na kila ikitaka kutunza chaji inazima TalkBack, ile programu inayotusomea skrini. Ikinyamaza, namwita Vestine. Tukawa palepale.

Mara ya pili nikaenda peke yangu, duka moja karibu na Grande Barrière, mpaka wa kuvukia Goma. Nikamwambia muuzaji apunguze mwanga hadi skrini iwe nyeusi, kisha anipe.

"Bon, papa, sasa utaona nini?"

"Ninachoonaga kila siku."

Alicheka mpaka akaita wenzake. Nikabana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, TalkBack ikaamka bila msaada wa mtu. Nikaweka sauti ya Kiswahili niliyoizoea, ikakubali. Nikaitia mfukoni nione kama itanyamaza kama ile ya kwanza, nikapiga nao stori karibu saa nzima. Nilipoitoa ilikuwa bado inaongea. Simu used tu, ina mkwaruzo pembeni. Nikaichukua.

Nyumbani nikahamishia humo meseji za zamani, nikaanza kuzisoma kwa raha zangu.

Nikakuta ya hoteli moja nilikoomba kazi ya masaji: "Samahani, nafasi imejazwa." Ina miezi mitano! Vestine alinisomea kwamba wanasema nisubiri. Nikasubiri, hadi nikakataa kazi ya mji wa Musanze niliyoletewa na rafiki.

Nilikasirika sana. Nikamwita.

"Ile siku meseji imefika ulikuwa na furaha sana ya kupata kazi," akasema. "Mi ningeanzia wapi?"

Akalia. Halafu akauliza taratibu, "Sasa we hautanihitaji tena?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, siyo kwa swali hilo. Nikamwambia akae, tukanywa chai.

Nilichojifunza: simu yako ichague kwa masikio na vidole vyako, na isiwe ya kukufungia njia. Anayekupenda sana naye anaweza kukuchelewesha.

Kesho yake nilimwandikia yule rafiki wa Musanze. Jibu nikalisoma mwenyewe: nafasi imeshakwenda. Iliniuma sana, lakini safari hii niliumia siku ileile.

Wenzangu msioona, nyie nani anawasomea? Na nyie mnaosomea wengine, semeni ukweli hapa: mmeshawahi kuruka mstari?