Tawi la Mkwaju Juu ya Chumba cha Mama

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la nne, nikabeba magunia ya ufuta Kibiti mpaka mabega yakaota sugu, na leo nina nyumba ya vyumba sita, bati la rangi, sijakopa hata tofali. Nimelala bondeni Rufiji mamba wakiguruma karibu, na usingizi nikaupata.

Kwa hiyo tawi la mkwaju lilipopasuka juu ya chumba cha mama, sikuwa na presha. Nene kama kiuno cha ng'ombe, ufa unaingia ngumi, na masika yanakuja. Nikamwambia mama ahamie chumba cha mbele. Akakataa katakata.

"Nalala hapa hapa. Huo mti nimeukuta."

Nikaita mafundi wawili kutoka Mtawanya, watu wazima, wana msumeno wa chenso na kamba zao. Mkubwa wao akauzunguka mti, akasema, "Matawi matatu, bosi, elfu tisini. Mafuta ya mashine juu yetu, na tunayashusha kwa kamba, bati lako haliguswi. Halafu elfu tano ya unga. Leo tunauaga mti, kesho tunakata."

"Unga wa nini? Mti unakula ugali?"

Mwenzake akacheka. Yeye hakucheka. "Kwa watu huingii bila hodi, bosi."

"Hapa ni kwangu. Hodi napigiwa mimi."

Nikawabana mpaka themanini na tano, unga nikaufuta, wakate siku ileile. Nilijiona mjanja kweli.

Saa nne asubuhi, jua kali, jani halitikisiki. Fundi akapanda. Kabla ya kukata hugonga tawi kwa mgongo wa panga, wasikie kama lina uwazi ndani, wajue pa kufunga kamba. Akagonga mara tatu.

Tawi likajibu mara tatu.

Mwangwi naujua, na ule haukuwa mwangwi. Ulikawia kidogo, kama mtu anayetua kikombe kwanza ndipo aitike. Na ulitoka ndani.

Fundi akashuka. Nikamwambia ni mwoga, nikavua viatu, nikapanda mwenyewe na kitambi changu. Nikagonga mbili. Zikajibiwa mbili. Nikagonga nne, zikaja nne. Nikanyanyua panga nigonge tena, na kabla sijalishusha, ndani pakagongwa. Mara moja tu, taratibu, chini ya goti langu.

Mama alikuwa dirishani, ananitazama.

"Shuka, baba," akasema kwa sauti ndogo. "Wameshajua upo."

Nikashuka.

"Sasa ni laki na ishirini," fundi akasema. "Umeshaugutusha."

Sikubishana. Mimi, ninayepatana bei hata ya chumvi! Nikaenda dukani mwenyewe, nikanunua kilo ya unga wa mtama na kitambaa cheupe. Mama akachuchumaa shinani, akanyunyiza unga, akafunga kitambaa, akasema nao Kimatumbi. Maneno mengine nayajua. Mengine sikuwahi kuyasikia maishani.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na wenye nyumba."

Asubuhi unga ulikuwa vilevile. Kuku wangu, ambao hudonoa mpaka sabuni, walikuwa wamesimama mbali, wameuzunguka, kimya. Hakuna hata sisimizi.

Matawi yakashuka kwa kamba, taratibu, bati halikukwaruzwa. Lile nene lilikuwa na uwazi kweli. Nikachungulia: hakuna nyuki, hakuna nyoka, hakuna bundi. Kuta zake za ndani zilikuwa laini, zinang'aa, kama kizingiti kilichokanyagwa miaka mingi.

Masika yamekuja, mama yuko chumbani kwake, mzima. Na majirani wakiniuliza bei ya kupunguza matawi, siwafichi: fundi laki moja na elfu ishirini, unga elfu mbili na mia tano, kitambaa elfu nne. Yaani shilingi laki moja, elfu ishirini na sita na mia tano.