Sauti Imetoka Mbele ya Wafiwa

Leo kompyuta yangu imetoa sauti kwa mara ya kwanza, na imechagua kuitoa mbele ya wafiwa.

Mnajua mimi ni mmoja wa wale wanaojitolea kutengeneza mfumo wa kompyuta wa bure. Upande wa sauti uliachwa tangu aliyeushughulikia apate kazi ya maana. Mimi ambaye sijapata, nikauchukua.

Asubuhi niliujaribu na wimbo wa harusi. Kimya.

Basi nikarudi kwa kazi ya duka la uchapaji, kuchapa wasifu wa marehemu mmoja. Mjane wake, Mama Mutua, alikuwa akinieleza mzee alizaliwa wapi.

Wimbo ukaamka. Juu kabisa.

Kitufe cha kunyamazisha? Hicho bado sijakitengeneza.

Nikachomoa waya wa umeme. Wasifu nao ukapotea. (Wewe ungefanya aje?)

Mama Mutua akaniangalia sana.

"Kijana, hiyo kitu inaweza kucheza CD ya kwaya? Baba Mutua ameimba huko, na kwa mazishi hatuna muziki."

Jioni wenzangu wa ng'ambo wakauliza kwa barua pepe kama sauti yetu imepata mtumiaji wa kwanza.

Nimewajibu ndiyo. Anazikwa Jumamosi, Katelembo.